Shamba la Zumari ya Pili

Nje ya boma la Dodoma fundi seremala alikuwa akichomoa mipini ya majembe. Watu walikuwa wamepanga mstari tangu jua lichomoze, kila mmoja na jembe lake begani, na fundi hakuwa na haraka. Alipokea jembe, akaligonga juu ya jiwe mpaka likaachia, akatupa chuma upande huu na mpini upande ule. Mwenzake aliyekaa kivulini aliichukua mipini, akaipaka rangi nyeusi ya mabehewa, akaiegemeza ukutani ikauke. Kefa wa Mlali alipofika mbele aliuliza, kwa adabu, kama siku hizi njia ya reli inafyekwa kwa mpini mtupu.

"Huu si wa kufyekea," fundi alisema bila kuinua uso. "Hii ni zumari. Pita kule ukapewe karatasi."

Kefa alipita kule. Akida aliyewakusanya vijijini alikuwa amewaambia walete majembe, na hakusema uongo. Alichofanya ni kutosema yaliyobaki, kama ilivyo desturi ya maakida.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Reli ilikuwa na mwaka wa pili tangu ifike Dodoma, na katika vitu ilivyoleta lilikuwamo sanduku la nota za muziki kutoka Ujerumani, zipigwe siku ya kuzaliwa kwa Kaizari. Zilikuwa nota za okestra nzima: karatasi za filimbi, za zumari, za fidla, za tarumbeta, za ngoma, kila chombo na zake, zimepigwa chapa safi. Muziki ulieleza asubuhi ya mvua katika msitu wa kwao, vijito vikitiririka chini ya miti. Vyombo havikuja. Bendi ya boma ilikuwa na tarumbeta nne, moja imebonyea, ngoma mbili na jozi ya matoazi, na wapigaji wake walikuwa askari waliojifunza kwa kusikiliza.

Mkuu wa bendi alikuwa sajini Mjerumani ambaye jina lake la kwao lilikuwa refu na halikutamkika na mtu mwenye koo zima, kwa hiyo watu walimwita Bwana Mistari. Alipenda kila kitu kikae kwenye mstari: watu, nyumba, mawe yaliyopakwa chokaa, hata mbuzi wa boma walikwenda machungani wawili wawili. Aliandika Dar es Salaam kueleza kwamba ana karatasi nyingi na vyombo vichache. Akajibiwa kwamba nota ni mali ya Serikali na zitatumika zote, kwamba wageni watakuja na mpiga picha, na kwamba picha ya okestra kamili itapelekwa Ulaya. Jibu hilo lilimridhisha sana. Karatasi ya muziki isiyo na mtu nyuma yake, alisema, ni pengo mdomoni mwa jeshi. Basi akatuma kwa maakida waletwe watu wa kuziba mapengo.

Kefa aliziba pengo la zumari ya pili. Kazi ilikuwa rahisi kuielewa. Unasimama nyuma ya kisimamio cha mbao, karatasi pana imekunjuliwa mbele yako. Bwana Mistari akipunga kifimbo chake unainua mpini mdomoni, akipunga tena unaushusha. Kupuliza hakuna, kwa kuwa mpini hauna tundu. Kilichokuwa kigumu ni kusimama pale mwezi wa kwanza.

Kwa maana Kaizari alizaliwa mwishoni mwa Januari. Kefa hakuwa na ugomvi na mtu kuzaliwa. Kilichokataa kumwingia akilini ni mtu mkubwa namna ile, mwenye washauri, kukubali kuzaliwa katikati ya palizi. Kule Mlali mtama ulikuwa kimo cha kifundo cha mguu, na magugu nayo kimo hicho hicho, na mkewe Loisi alikuwa peke yake, mtoto mgongoni, pamoja na Tereza ambaye bado alikuwa hajui kutofautisha mche na gugu. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa ya kubahatisha, na kihenge chao kilikuwa kimebaki mlio tu ukikigonga. Palizi ikipita hakuna mtama, na asiyevuna mwezi wa tano hula mbegu mwezi wa nane. Kefa alisimama na mpini wake mweusi, huku askari wakipiga vijito.

Siku chache baadaye, katika mazoezi ya asubuhi, karatasi yake iliota magugu.

Yalianza pembeni kushoto, kati ya mstari wa kwanza na wa pili, majani membamba kama kope. Kabla ya adhuhuri yalikuwa yameenea mpaka mstari wa tano. Kefa aliinamisha kichwa akaona kuwa ni sangari, tena sangari anayoijua, na kwenye pembe ya chini kulikuwa na kichuguu ambacho aliwahi kukivunjia jembe. Mistari ile ilikuwa matuta yake. Nota zilizosimama juu ya matuta, kila moja na punje yake nyeusi chini na shina lililonyooka, zilikuwa mtama wake mwenyewe.

Kwa ukoo wao halikuwa jambo geni. Shamba lililopandwa halipendi kukaa bila mwenyewe, na akichelewa sana humfuata aliko. Babu yake Kefa, enzi za misafara, alifuatwa na shamba la karanga mpaka karibu na Bagamoyo, akalipalilia juu ya pembe ya ndovu aliyokuwa amebeba, na karanga zikapatikana. Kefa alichoona ni faraja, faraja kubwa.

"Umekuja," alisema chini chini, akaanza kung'oa kwa ukucha wa kidole cha mwisho.

Wala haikuwa karatasi yake peke yake. Seth wa Kibakwe, aliyepewa filimbi ya tatu, alikuwa na mistari inayopanda na kushuka kwa sababu kwao ni milimani, na ilimbidi apalilie huku ameinamia upande mmoja. Mzee mmoja wa fidla alikuwa mfugaji. Nota zake zilihama kila mchana kwenda kunywa maji ukingoni mwa karatasi, na jioni zikarudi. Hakuna aliyemsemesha mwenzake juu ya hayo. Kila mtu alikuwa na shughuli zake.

Kefa alifanya kazi kama alivyofundishwa na mama yake. Penye miche minne iliyoshikana vichwa aliacha miwili, maana mtama ukisongamana hautoi suke la maana. Palipokuwa na alama ya kunyamaza, ardhi nzuri imelala bure, alihamishia ile aliyoipunguza. Mlenda uliojiotea katikati ya matuta hakuugusa. Wapo wanaouita mlenda gugu. Kefa kila mwaka humwachia Loisi, kisha humtania kwamba mwanamke anayependa mlenda namna ile angeolewa na sungura.

Tatizo lilikuwa maji. Mawingu yalipita juu ya Dodoma bila hata kusalimia, na mtama ukaanza kujikunja. Ndipo siku moja Kefa, akiwa amezama kwenye sangari, akachelewa kuinua mpini, na Bwana Mistari akamjia. Bwana Mistari alikuwa mtu wa kufokea karibu. Alifoka kwa Kijerumani, akafoka kwa Kiswahili cha pwani, na matone yakaruka yakaiangukia karatasi kutoka kichuguuni mpaka juu. Alipomaliza, mtama ulikuwa umeinua majani. Kefa alijipangusa uso, akafikiri.

Tangu siku hiyo alichelewa kila shamba lilipohitaji. Aligundua kwamba kuchelewa kidogo huleta manyunyu, na kuinua mpini wakati wengine wameshusha huleta mvua ya kulowesha. Alilipa kwa makofi, na mara nyingine kwa kifimbo cha kuongozea, kichwani. Aliona si ghali.

"Mtani," Shaaban alimwambia Kefa siku moja wakati wa kupumzika. Shaaban alikuwa askari, Mrangi wa Kondoa, mpigaji wa ile tarumbeta iliyobonyea, na kwake kumtania Mgogo kama Kefa ilikuwa sehemu ya afya. "Huu upumbavu umezaliwa nao au umefundishwa misheni? Kuinua mti na kushusha mti, hata punda wa kwetu angeweza."

"Punda wa kwenu halimi," Kefa alisema. "Mimi natafuta mvua."

Shaaban aliinamia karatasi, akatazama, akatikisa kichwa polepole. "Sisi kwetu mvua tunaiomba msikitini."

"Na inakuja?"

"Miaka mingine."

Loisi alifika Jumapili, amewaacha watoto kwa mama mkwe, ametembea kutoka Mlali na unga kichwani. Walikaa nyuma ya boma juu ya mataruma ya reli yaliyosalia, yeye na kaniki yake imejaa vumbi la njia.

"Mbukwenyi, Baba Tereza," alisema, na kabla hajaitikiwa vizuri akauliza, "Nani anatupalilia?"

"Mimi."

"Nilisema mimi! Mama yako ameshikilia ni malaika. Nikamwambia, mama, malaika gani huyo anaacha mlenda?" Alicheka, na Kefa akacheka naye, mara ya kwanza tangu atoke nyumbani. "Umepalilia vizuri. Mpaka kwenye kichuguu. Mvua nayo inatujia, wanasema majirani ni upendeleo. Ila inanuka tumbaku."

"Ni ya Bwana Mistari."

"Mwambie apunguze kiko." Loisi akawa anakunjakunja pindo la kaniki. "Kuna jambo silielewi. Jumapili iliyopita hakukucha shambani. Kwa majirani jua linawaka, kwetu usiku, mpaka Jumatatu asubuhi. Mwalimu wa misheni amelisifu kanisani, anasema ndilo shamba pekee Mlali linaloshika Sabato."

"Jumapili karatasi zinakaa sandukuni," Kefa alisema. "Na kila jioni pia."

"Ehe. Na sikukuu ikiisha zinakwenda wapi?"

Kefa alikuwa hajafika huko. Mtu anayepalilia hutazama tuta lililo mbele yake.

"Sandukuni," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka azaliwe tena."

Loisi hakulia. Alimtazama mumewe kama mtu anayepima uzito wa gunia kabla ya kulibeba. "Basi itoe hiyo karatasi," alisema. "Iombe, iibe, ikunje uiweke mdomoni, sijui. Mimi nitarudi kuangalia watoto."

Kesho yake Kefa alimwendea Shaaban, ambaye mara kwa mara alilinda chumba cha sanduku. Shaaban alimsikiliza mpaka mwisho bila utani wowote, jambo lililomwogopesha Kefa kuliko jibu lenyewe.

"Wallahi ningekufungulia," Shaaban alisema. "Lakini ufunguo uko shingoni mwake. Analala nao, anaoga nao. Nimemwona akiuogesha kwa sabuni."

Sikukuu ilipokaribia, Bwana Mistari alikagua karatasi. Alipita kisimamio baada ya kisimamio akilinganisha kila moja na kitabu chake kikubwa chenye vyombo vyote kwa pamoja. Kwenye filimbi ya tatu aliiona milima ya Kibakwe, akainyoosha kwa rula mpaka ikalala, na Seth akafumba macho. Kwenye fidla aliamuru nota zisimame mahali pamoja. Alipofika zumari ya pili aliona majani, na majani hayakumsumbua. Karatasi ya Ulaya huota ikifika koloni, alisema. Kuna waraka wa Serikali kuhusu kuvu. Kisha akaanza kuhesabu nota, na uso wake ukageuka rangi.

Palipotakiwa nne zilikuwa mbili. Palipotakiwa kunyamazwa palikuwa pamepandwa.

Hapo ieleweke kwamba hakuna mtu ambaye angeipiga karatasi ile. Zumari ya pili ilikuwa mpini wa jembe. Lakini muziki ambao hautapigwa ulikuwa umeharibiwa, na Bwana Mistari alisema maneno hayo hayo kwa huzuni ya kweli, mkono kifuani. Aliamuru hamsa ishirini. Kiboko akapewa Shaaban, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Shaaban alipiga kama alivyoamriwa, viboko ishirini na tano kamili, na baada ya kila kimoja alisema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mtani." Kefa alisamehe vya kwanza, vya mwisho hakuvisikia.

Alipoweza kusimama alirudishwa kwenye kisimamio kusahihisha. Alirudisha miche minne minne ilivyokuwa, akijua itanyongana. Aling'oa yote aliyoipanda penye kunyamaza, nayo ilikuwa imeshika vizuri. Mwisho akaambiwa ang'oe mlenda, kwa sababu mtungaji hakuuandika. Kwa viboko hakulia. Kwa mlenda alilia, wazi, mbele za watu, na kamasi likamtoka. Loisi alimwambia baadaye kwamba alikuwa shambani saa ile, ameinama kuchuma, na mkono wake ulibaki hewani ukishika pasipo na kitu.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri sana. Bendera zilipandishwa, wageni walishuka kwenye treni wakiwa na miavuli, na okestra kamili ikasimama uwanjani katika mistari ambayo ungeweza kuanika uzi juu yake. Askari wachache walipiga asubuhi ya mvua kwa tarumbeta zao. Waliobaki waliinua mipini na kuishusha. Mpiga picha alijifunika kitambaa chake cheusi akapiga picha tatu. Mke wa mgeni mmoja alimshika Bwana Mistari mkono akamwambia kwamba mahali fulani katikati, zumari zilipoingia, alikumbuka kwao na machozi yakamlenga. Bwana Mistari aliinama akashukuru.

Wageni walipokwenda kula, karatasi zilikusanywa. Kefa alikuwa wa mwisho kutoa yake. Aliishika kwa mikono yote miwili, na mtama juu yake ulikuwa umefika kimo cha goti, umesongamana, lakini bado kijani.

"Bwana," alisema, "niache nisimame na karatasi hii mpaka mwezi wa nne. Sitaki posho. Nitasimama hapa hapa, juani. Isifungwe tu."

Bwana Mistari alimtazama. Miaka yote aliyokaa koloni alikuwa hajaona mwenyeji aliyezipenda nota namna hii, tena zumari, tena ya pili. Macho yake yalilowa. Alimwekea Kefa mkono begani, pale pale penye majeraha.

"Haiwezekani," alisema kwa upole. "Mwezi wa nne hakuzaliwa mtu."

Akaichukua karatasi, akaikunja, akaiweka juu ya zenzake, akafunga sanduku na ufunguo ukarudi shingoni. Kefa alirudishiwa jembe lake, chuma peke yake. Mpini aliambiwa umekwisha kuandikwa kuwa chombo cha muziki, na vyombo vya muziki havitoki bomani.

Alifika Mlali saa sita ya mchana. Alianza kuliona shamba lake kwa mbali: kipande cha usiku, pembe nne zilizonyooka, katikati ya mashamba ya watu yanayometa kwa jua. Kuku wa jirani walikuwa wakipita mpakani, wakaingia kulala, wakatoka, wakaingia tena kulala, na walikuwa wamekonda kwa kuchoka. Bundi walikuwa wamehamia kwenye kichuguu. Tereza alikuwa amesimama ukingoni, mguu mmoja mchana na mmoja usiku, akaruka kumpokea baba yake.

Loisi alikuwa ndani na kinga cha moto. Alimmulikia Kefa mtama. Ulikuwa umerefuka kupita kiasi, mweupe, mwembamba, umeinamiana ukitafuta jua ambalo halipo, na ukiushika unalala mkononi. Walisimama pale wameshikana.

Watu walilizoea. Jumbe alisema kama kuna malalamiko yapelekwe bomani, yakapelekwa, na jibu likarudi kwamba jua haliko chini ya ofisi ile. Walilima kipande kingine haraka haraka, lakini mvua iliyobaki ilikuwa ya kuaga, ikatoa mabua. Mbuzi wote walikwenda Kondoa wakarudi wakiwa magunia mawili ya nafaka. Katika miezi hiyo Tereza alijifunza kutoomba chakula mara ya pili. Hakuna aliyemfundisha, na Kefa aliona aibu kila alipomwona akiweka bakuli chini kimya kimya.

Mwaka ulipozunguka, akida alianza kutayarisha kamba za kufungia watu. Hakuzitumia. Novemba haijaisha, Loisi alikuwa amekwisha kupanda shamba zima gizani, kwa mwanga wa kinga, na Kefa alikuwa njiani kuelekea Dodoma na mpini mpya begani aliouchonga mwenyewe na kuupaka masizi. Barabarani alikutana na Seth wa Kibakwe, naye na mpini wake. Mbele yao walimwona yule mzee mfugaji, akitembea mbio kuliko umri wake. Ng'ombe zake walikuwa sandukuni tangu Januari, na hakujua kama wamekunywa.

Bwana Mistari aliwakuta langoni asubuhi, wamejipanga wenyewe kwenye mstari.

"Mnataka nini?" aliuliza.

"Tumekuja kufanya mazoezi, Bwana," Kefa alisema. "Sikukuu ni kubwa, na sisi ni wazito kuelewa. Tuanze mapema."

Wanasema sajini yule aliingia ndani kwanza akapenga kamasi. Alitoka akakubali mazoezi yaanze siku hiyo hiyo, mradi kila mtu ajitafutie chakula. Bwana Mkubwa wa boma alifurahi zaidi. Aliandika Dar es Salaam kwamba kamba hazihitajiki tena Ugogo, kwamba wenyeji wameguswa na sanaa na wanaiendea kwa miguu yao, na akaambatisha ile picha.

Sanduku likafunguliwa, karatasi ikakunjuliwa, na kule Mlali kukakucha. Loisi alizima kinga. Mbegu zilikuwa zimevumilia. Baada ya siku chache mistari yote mitano ilikuwa na miche. Kefa alipiga hesabu akaona kwamba hata wakianza Novemba jua litakatika mwisho wa Januari, na mtama utakuwa bado una miezi miwili mbele yake.

"Mtani," alimwuliza Shaaban, "huyu Kaizari ana mke?"

"Anaye."

"Amezaliwa lini?"

Shaaban aliulizia, akaja na jibu. "Mwezi wa kumi."

"Kiangazi!" Kefa alitema mate. "Nyumba nzima haina mkulima."

Lakini palikuwa na tatizo jingine lililowahi. Katikati ya Desemba mawingu yalipita tena bila kusalimia, na miche ikaanza kujikunja. Kefa alichelewa kuinua mpini. Bwana Mistari alitabasamu, akampigapiga begani, akapita. Kefa aliinua wakati wengine wameshusha. Bwana Mistari alimnyooshea kidole kwa mzaha, kama baba kwa mtoto wake wa mwisho. Tangu siku ya sanduku alimpenda, na mtu anayempenda hamfokei. Kefa aliushika mpini kinyumenyume, akaupigia chafya, akaulalia, akasamehewa yote. Kwenye karatasi, karibu na kichuguu, jani la kwanza lilikuwa limegeuka manjano.

Kefa alilitazama jani lile. Akamkumbuka Tereza na bakuli lake. Mgongo wake ulikuwa bado unakumbuka mwaka jana, kila kovu peke yake, na aliogopa sana.

Kisha, muziki ukiwa katikati ya msitu, vijito vikishuka, akatoka mbele ya mstari hatua moja.

Mstari ulipinda. Kwanza Bwana Mistari hakuamini macho yake, akafuta miwani, akautazama tena kutoka mwanzo wake mpaka mwisho. Halafu alikuja. Alikuja anakimbia, akafoka tangu yuko mbali, akafoka alipofika, akafoka juu ya Kefa na juu ya kisimamio na juu ya karatasi, kwa lugha zote mbili na kwa koo lake zima. Kefa alisogeza uso pembeni kidogo asikinge matone. Shaaban aliweka tarumbeta chini, akaenda kuchukua kiboko bila kungoja kuambiwa.

Kule Mlali, Loisi alinusa tumbaku hewani. Akamwita Tereza, wakatoa vyungu nje.